Nilikuwa na mimba ya miezi saba, daktari akasema nipigwe CT scan

Mlango wa chumba cha mionzi ulikuwa na kibao chenye maandishi mekundu: kama una mimba au unahisi una mimba, mjulishe mhudumu. Mama mkwe wangu alikisoma kwa sauti, akashika mpini wa kiti cha magurudumu nilichokalia, akasema, "Mwanangu, hapa si mahali petu. Turudi wodini."

Nilikuwa na mimba ya wiki 31, mimba yangu ya pili. Puani nilikuwa na mrija wa oksijeni na sikuweza kumaliza sentensi moja bila kupumzika katikati. Sikubishana naye. Ukweli ni kwamba na mimi niliogopa kama yeye. Ila mimi nilikuwa naogopa vitu viwili, na kimoja sikuwa nimemwambia mtu yeyote.

Naandika haya kwa wazazi wenzangu kwa sababu siku ile tulitakiwa kuamua ndani ya saa chache jambo ambalo hatukuwahi kulisikia popote, na tulikuwa tunaamua kwa hofu tu. Mimi si daktari. Nitaeleza yaliyonikuta, nilivyoelezwa, na niliyojifunza baadaye nilipopata nafasi ya kuuliza vizuri.

Ilivyoanza

Wiki ile nilitoka Tanga kwenye msiba wa shangazi yangu. Nilirudi Iringa kwa basi, siku nzima nimekaa kiti cha dirishani, miguu imekunjwa, maji nakunywa kidogo kidogo ili nisiwe yule abiria anayemwomba konda kila mara asimamishe gari akajisaidie. Nilipofika nyumbani miguu yote miwili ilikuwa imevimba. Hilo halikunishangaza, mimba ya kwanza nayo ilinivimbisha miguu. Kilichokuwa kipya ni shavu la mguu wa kushoto kuuma, kama nimebanwa na msuli. Nikalisugua kwa mafuta, nikaendelea na kazi.

Siku ya tatu nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nachambua mchele. Sikuwa nimebeba ndoo wala kupanda kilima. Ghafla pumzi ikawa fupi, na kila nikivuta hewa kichomi kinanichoma ubavuni upande wa kulia. Zahanati niliyokwenda waliniambia ni kawaida, mimba imekuwa kubwa na mtoto anasukuma juu. Nikapewa dawa ya maumivu, nikarudi.

Usiku ule sikuweza kulala chali wala ubavu. Nilikaa kitandani nimeegemea ukuta, moyo unakwenda mbio kama nimekimbizwa. Saa kumi alfajiri mume wangu akaita bajaji.

Hospitalini daktari, mama wa makamo, alinisikiliza kifua, akatazama kile kifaa cha kubana kidoleni, kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea: "Mama, hivi karibuni ulisafiri safari ndefu?" Nilipojibu, akamwambia muuguzi alete sindano. Akatueleza kwamba anashuku damu imeganda kwenye mshipa, bonge likasafiri hadi kwenye mapafu na kuziba njia. Sindano ile ilikuwa ya kuzuia damu isiendelee kuganda. Alisema pale shaka inapokuwa kubwa, dawa haisubiri picha, kwa sababu bonge la pili linaweza kuua wakati mgonjwa yuko kwenye foleni.

Kwa nini mimba?

Nilidhani damu kuganda ni ugonjwa wa wazee. Daktari alisema mimba yenyewe huifanya damu iwe nyepesi kuganda. Ndivyo mwili unavyojiandaa ili mama asivuje damu nyingi wakati wa kujifungua. Wakati huohuo mfuko wa uzazi unakandamiza mishipa inayorudisha damu kutoka miguuni, na mguu wa kushoto huathirika mara nyingi zaidi kuliko wa kulia. Ongeza kukaa siku nzima kwenye basi. Mwanamke mjamzito ana uwezekano mkubwa wa kupata tatizo hili kuliko mwanamke wa umri wake asiye na mimba, kiasi cha mara nne hadi tano, na hatari hupanda zaidi katika wiki sita za kwanza baada ya kujifungua.

Kwetu kliniki tunakumbushwa sana kuhusu kuvuja damu na kifafa cha mimba, na ni haki, kwani vinaua. Lakini hata Uingereza, wenye hospitali nyingi kuliko sisi, ripoti zao za vifo vya wajawazito zimekuwa zikitaja kuganda kwa damu miongoni mwa sababu kubwa kabisa. Mimi binafsi sikumbuki kusikia habari ya mguu mmoja kuuma au pumzi kukata ghafla. Huenda ilisemwa siku ambayo nilichelewa.

Hatua kwa hatua

Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba daktari hakurukia kipimo kikubwa. Alianza na vidogo.

Kwanza nilipimwa mapigo ya moyo kwa mashine, kisha nikapigwa eksirei ya kifua. Eksirei haiwezi kuonyesha bonge lenyewe kwa uhakika, lakini inaweza kuonyesha nimonia, maji kwenye pafu au jambo lingine linaloweza kumkatisha mtu pumzi. Mionzi inayomfikia mtoto kwa eksirei ya kifua ni kidogo mno. Yangu ilikuwa safi.

Pili, kwa kuwa shavu la mguu liliuma, nilipimwa miguu kwa altrasaundi. Hiki hakina mionzi kabisa, ni mashine ileile ya kumwangalia mtoto. Daktari alieleza kwamba kama lingeonekana bonge mguuni, safari ya vipimo ingeweza kuishia hapo, kwa sababu matibabu ya bonge la mguuni na la kwenye pafu ni yaleyale. Mguu wangu haukuonyesha kitu. Nilifurahi, nikadhani tumemaliza. Akasema hapana, huenda bonge lote limeshasafiri, au limetoka kwenye mishipa ya nyonga ambako altrasaundi ile haifiki vizuri.

Mume wangu akauliza kama hakuna kipimo cha damu tu. Kipo, kinaitwa D-dimer, na kilichukuliwa. Tatizo ni kwamba kwa mjamzito kiwango hicho hupanda chenyewe kadiri mimba inavyokua, hata kama hana bonge. Mwaka 2019 jarida la The New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanywa kwa wajawazito 498 walioshukiwa kuwa na tatizo kama langu. Madaktari waliunganisha kipimo hicho cha damu na maswali matatu: je, mguu una dalili za bonge? Je, mgonjwa anakohoa damu? Je, bonge kwenye pafu ndilo linaloelekea zaidi kuwa chanzo? Kwa njia hiyo asilimia 39 ya kina mama hao hawakuhitaji CT scan kabisa. Wenye mimba changa waliepuka kwa kiwango kikubwa zaidi, wenye mimba kubwa kwa kiwango kidogo zaidi. Kwa hiyo ukiambiwa damu yako imetosha, si kwamba umepuuzwa. Lakini mimi majibu yangu yalikuwa juu na dalili zilikuwa wazi.

Zikabaki njia mbili za kupiga picha mapafu. Moja ni CT scan, ambapo dawa ya kung'arisha mishipa huchomwa mkononi na mashine hukipiga kifua picha nyingi kwa sekunde chache. Ya pili ni picha za nyuklia, ambapo mgonjwa huchomwa dawa yenye mionzi kidogo, ikakaa kwenye mishipa ya mapafu, kisha kamera maalumu ikaangalia damu inafika wapi na wapi haifiki. Kifua kikiwa safi kwenye eksirei kama changu, njia zote mbili zinafaa. Eksirei ikiwa na kasoro, CT hupendelewa.

Ila ya pili mkoani kwetu haikuwepo. Mashine hizo ziko kwenye hospitali chache kubwa. Ingebidi nisafirishwe hadi Dar es Salaam, saa nyingi barabarani, nikiwa kwenye oksijeni. Mume wangu akaenda dirishani kulipia CT kwa fedha tulizokuwa tumeweka za kujifungulia.

Mlangoni

Ndipo tukafika kwenye kile kibao. Mama mkwe si mtu wa ubishi. Amezaa watoto sita, mmoja akamzika. Alisema, "Mionzi ndiyo inayochoma saratani. Leo tunaipeleka kwa kiumbe cha miezi saba?" Mume wangu akanitazama mimi, mimi nikatazama sakafu. Mtaalamu wa mionzi hakutusukuma. Alimpigia daktari simu, naye akashuka.

Daktari alimwamkia mama mkwe, "Shikamoo mama," akavuta kiti akakaa mbele yake, si mbele yangu. Akamwambia, "Mama, umesoma sawa. Kibao kinasema mjulishe mhudumu, ili tupime faida na hasara. Hakisemi mjamzito asiingie."

Kisha akatoa hesabu. Mionzi inayopokelewa na mwili hupimwa kwa miligrei. Chuo cha Marekani cha Madaktari wa Uzazi na Magonjwa ya Wanawake, katika mwongozo wake wa mwaka 2017, kimeweka kiasi kinachomfikia mtoto tumboni kwa CT ya kifua kuwa kati ya 0.01 na 0.66. Kwa picha za nyuklia zenye dozi ndogo ni kati ya 0.1 na 0.5. Mtoto yeyote aliye tumboni, hata mama asipokanyaga hospitali, hupokea kati ya 0.5 na 1 katika miezi yote ya mimba kutoka ardhini, angani na kwenye vyakula. Madhara kama ulemavu au mimba kuharibika hayajaonekana chini ya miligrei 50.

"Kwa hiyo hakuna hatari?" mama mkwe akauliza.

"Sitakudanganya nikasema ni sifuri," daktari akajibu. "Uwezekano wa mtoto kupata saratani ukubwani au utotoni unaweza kuongezeka kidogo sana, kidogo kiasi cha kushindwa kuuona kwa mtoto mmoja. Lakini mama yake asipopumua, mtoto hapumui."

Nilidai angalau nivalishwe aproni ya madini ya risasi tumboni. Mtaalamu wa mionzi akanieleza kwamba mwale wenyewe unaelekezwa kifuani, tumbo halimo. Kile kidogo kinachomfikia mtoto hupita ndani ya mwili wangu, na aproni ya juu haikizuii.

Jambo ambalo sikuwa nimelisema

Hapo daktari akanigeukia mimi. "Mama, wote wanauliza habari ya mtoto. Kwenye CT, anayepokea mionzi zaidi ni wewe. Matiti yako yako ndani ya picha. Kwenye picha za nyuklia matiti hupata kidogo zaidi. Kuna saratani ya matiti kwenye ukoo wenu?"

Nikalia. Mama yangu mzazi alikufa kwa saratani ya titi nikiwa kidato cha pili. Tangu asubuhi, aliposema CT, hilo ndilo nililokuwa nalifikiria, na nilikuwa naona aibu kulifikiria. Mama gani anawaza titi lake wakati mtoto yuko tumboni? Nilidhani nikilisema nitaonekana mbinafsi.

Daktari hakuniona hivyo. Alisema ni swali la haki na linatakiwa kuwa kwenye mizani. Kama tungekuwa mahali penye mashine zote mbili, huenda kwa historia yangu angependekeza ile nyingine. Lakini mashine za sasa zinatumia dozi ndogo kuliko za zamani, hatari ya kuongezeka kwangu kwa picha moja ni ndogo, na iko miaka mingi mbele. Bonge, kama lipo, liko leo.

Nikamuuliza, "Na nikikataa?"

"Hatutakulazimisha. Tutakuchoma sindano hadi ujifungue na wiki sita baadaye, kwa ugonjwa ambao hatujui kama unao. Na kama una kitu kingine, tutakuwa tumekikosa. Kila mimba itakayofuata utahesabiwa mgonjwa wa damu kuganda, hata dawa za uzazi wa mpango utachaguliwa kwa hesabu hiyo. Nami sitajua mapafu yako yameziba kiasi gani."

Mama mkwe ndiye aliyevunja ukimya. Aliachia mpini wa kiti. "Mwili ni wako, mwanangu," akasema. "Mimi nitakaa hapa mlangoni."

Nikaingia.

Nililazwa na mto mdogo chini ya nyonga ya kulia ili tumbo lisikandamize mshipa mkubwa, mikono juu ya kichwa. Niliulizwa kama nina mzio wa dawa au shida ya figo. Dawa ilipoingia kwenye kanula nilisikia joto linashuka kutoka kooni hadi chini, nikadhani nimejikojolea. Nilikuwa nimeonywa, ila bado nilijishika. Nikaambiwa nibane pumzi, pumzi ambayo sikuwa nayo. Ikaisha kabla sijamaliza kuomba Mungu.

Majibu

Bonge lilikuwepo, kwenye pafu la kulia, na jingine dogo kushoto. Moyo haukuwa umezidiwa. Nilipofahamu hivyo niliogopa zaidi kwa dakika chache, kisha nikatulia. Sasa sindano zilikuwa na sababu.

Kitanda cha pili wodini alikuwepo dada mwingine, mimba ya miezi mitano, naye kapigwa picha ileile juzi yake. Yeye hakuwa na bonge. CT ilionyesha nimonia iliyojificha nyuma ya moyo ambapo eksirei haikuiona. Aliacha sindano, akapewa dawa za kuua bakteria, akatoka kabla yangu. Ndugu zake walilalamika kwamba alipigwa mionzi ya bure. Yeye alisema, "Ya bure vipi, na nimeacha kuchomwa tumbo?"

Mimi nilichomwa tumbo asubuhi na jioni, nyumbani, kwa mkono wangu, kwa wiki zote zilizobaki. Dawa ile ya jamii ya heparini haivuki kondo la nyuma kumfikia mtoto. Vidonge vya warfarini, ambavyo watu wengine wenye damu kuganda hutumia, huvuka na vinaweza kumdhuru, ndiyo maana sikupewa. Niliagizwa kwamba uchungu ukianza nisijichome tena, nije hospitali. Nilijifungua wiki ya 39, mtoto wa kike, nikaendelea na sindano wiki sita baada ya hapo.

Maswali ya kubeba

Mzazi mwenzangu, pumzi kupungua polepole mimba inapokua ni jambo la wengi. Lakini pumzi ikikata ghafla, ukisikia kichomi ukivuta hewa, ukikohoa damu, ukizimia, moyo ukienda mbio umekaa, au mguu mmoja ukivimba na kuuma kuliko mwenzake, nenda hospitali siku hiyohiyo. Usikubali kurudishwa kwa neno "kawaida" kabla hujapimwa.

Ukiambiwa kuhusu picha ya mapafu, uliza: je, mguu umeangaliwa kwa altrasaundi? Eksirei inasemaje? Kipimo cha damu kinaweza kutuepusha? Hapa mna mashine zipi, na kwangu ipi inafaa zaidi? Je, naanza sindano wakati tunasubiri? Sema pia kama kwenu kuna saratani ya matiti, hata kama hakuna aliyekuuliza. Na uliza kama mashine imekaguliwa. Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania ndiyo yenye kazi ya kusimamia mashine za mionzi, na mhudumu hapaswi kukasirika kwa swali hilo.

Binti yetu sasa ana miaka miwili. Mimi kila mwaka naenda kuchunguzwa matiti. Ningekwenda hata bila CT ile, kwa ajili ya mama yangu, lakini nakiri kwamba sasa siahirishi.

Mwezi uliopita wifi yangu, aliye na mimba ya miezi sita, alipiga simu nyumbani kusema miguu imevimba baada ya safari ya kutoka Songea. Aliyepokea ni mama mkwe. Nilimsikia kutoka jikoni akimuuliza, kabla hata ya salamu kuisha, "Yote miwili, au mmoja?"